Midomo ya Safu ya Mbele

Jumatano asubuhi Clive aliingia chumba cha uhariri na makopo matatu ya filamu kwapani, akayatupa kwenye kikapu cha vitu visivyotakiwa, akasema, "Wale wa bendi ya Nyuzi Mbovu wametoka. Nimewavumilia wiki tatu, inatosha. Ijumaa tunafunga filamu."

"Wametokaje?" nikamuuliza.

"Kama watu wanavyotoka, Enid. Kwa mlango. Na ufunge nyuma yao, kuna baridi."

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mimi hamsini na moja, na yeye ndiye alikuwa bosi. Hilo halikunipa shida. Kiwanda chetu cha nguo kule Thornclough kilipofungwa nilijifunza kazi ya kuhariri filamu kwenye masomo ya jioni, Jumanne na Alhamisi, na katika Manchester nzima Clive ndiye peke yake aliyekubali kunichukua. Niliandika majina kwenye makopo, niliunganisha filamu iliyokatika, nilichemsha chai. Mezani alikaa yeye. Nasema ile meza ya kuhariri, yenye kioo kidogo cha picha na sahani zinazozungusha filamu na utepe wa sauti pamoja. Sikuwahi kuigusa wakati yeye yupo.

Filamu tuliyokuwa tukiitengeneza ilikuwa ya muziki mtupu. Bendi ishirini na sita, za panki, ule muziki wa gita wa vijana wenye hasira, na za lile wimbi jipya lililokuja nyuma yao, zikipiga jukwaa baada ya jukwaa, bila msimulizi wala mtu wa kuhojiwa. Wimbo, kelele za watu, wimbo. Zilikuwemo bendi zilizojulikana mpaka ng'ambo, na zilikuwemo ambazo hata mama zao hawakuzitambua. Nyuzi Mbovu walikuwa wa kundi hili la pili. Nalijua hilo kwa sababu Bessie, mama wa mpiga ngoma wao, alisimama kwenye mashine ya jirani yangu kiwandani miaka kumi na tisa, na bendi ile aliiita "genge la Lorraine la kuvunja vyombo."

Kilichowaponza ni hiki. Picha ilipigwa na kamera tatu, sauti ikarekodiwa na mtambo mwingine nyuma ya jukwaa. Ili viwili hivyo vikutane, mtu husimama mbele ya kamera mwanzoni na kugonga kibao. Unaona mbao mbili zikikutana, unasikia mgongano wake, unalinganisha, unaendelea na kazi. Siku ile mtu wa kibao alipanda jukwaani na ukumbi mzima ukamtemea mate. Hawakumchukia. Vijana wa panki waliwatemea mate hata waliowapenda, na waliowapenda ndio walioloa zaidi. Lakini yeye alikuwa mgeni wa desturi hiyo, tena amevaa koti jipya. Akashuka mbio na kibao chake bila kukigonga.

Basi wiki tatu Clive alikuwa akiisogeza sauti mbele na kuirudisha nyuma chini ya picha, kama mtu anayejaribu ufunguo wa nyumba nyingine. Mwimbaji alikuwa ameubana mdomo wake kwenye maikrofoni, huoni jino wala ulimi. Mpiga ngoma alikuwa nyuma kwenye mvuke na taa zinazowaka na kuzimika. Mikono ya wapiga gita ilienda kasi hata isisomeke.

Saa nne Lorraine mwenyewe akapanda ngazi. Nywele zake zilikuwa za kijani, koti lilikuwa la marehemu baba yake.

"Anti Enid, ni kweli?"

"Nani kakuambia?"

"Mji mzima unajua. Huyu kampigia simu meneja wetu jana, na meneja wetu hana breki mdomoni." Akamgeukia Clive. "Wewe ndiye bosi? Kwa nini umetutoa?"

"Kwa sababu picha yenu haikubali sauti yenu," akasema Clive. "Nimejaribu, dada. Tatizo nyimbo zenu zote zinafanana."

"Na wahariri wote wananuka soksi, lakini mimi najitahidi kuwatofautisha."

Nikaona Clive akificha tabasamu. Lakini Lorraine hakuwa akitania tena. Alikaa juu ya sanduku la makopo, mikono katikati ya magoti.

"Bendi imeshakufa, Anti. Gita kaingia jeshini, mwimbaji kaolewa Hull. Hatukutoa santuri hata moja. Tulipiga vizuri siku moja tu maishani mwetu, na ndiyo siku hiyo kamera zilikuwepo. Kama hatumo humu, basi hatukuwahi kuwepo."

Nilimjua mtoto yule tangu akibebwa. Sikuwahi kumsikia akiomba kitu.

"Clive," nikasema, "nipe meza mpaka kesho saa sita mchana."

"Wewe?"

"Wewe leo unakwenda maabara kukagua nakala, na kesho asubuhi unarudi huko huko. Meza itakuwa imekaa bure."

Akanitazama, akaitazama meza, akatazama saa yake. "Kesho saa sita. Usiguse bendi nyingine yoyote. Ikishindikana, naweka wimbo wa pili wa ile bendi ya London, na sitaki kusikia habari za Nyuzi Mbovu mpaka nife."

"Hutazisikia."

Alipoondoka nilimtuma Lorraine akasubiri kwenye mgahawa wa chini, maana mtu anayetingisha mguu nyuma yako ni kazi ya pili. Nikafunga mlango, nikainamisha kichwa. Sikuomba muujiza. Niliomba macho tu, kwamba nione kilichokuwepo pale tayari. Kisha nikavaa miwani.

Kamera ya kwanza na ya pili nilizipitisha mara mbili kila moja, bila sauti. Clive alikuwa mkweli, hapakuwa na cha kushika. Nikarudi kwenye kikapu. Kopo la tatu lilikuwa halijaandikwa na mimi. Juu yake Clive alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu nene: MATE.

Nikaliweka mezani. Sekunde ya tatu lensi inapata zigo lake, bonge zima, katikati kabisa. Mpiga picha anaigeuza kamera upande, nadhani ili apanguse, kisha inaonekana na yeye alipata lake, kwa maana kamera inabaki vilevile, imeelekea watu badala ya bendi, mpaka filamu inakwisha. Clive hakuwa ameivuka sekunde ile ya tatu. Ni mhariri gani angeendelea?

Mimi niliendelea. Katikati palikuwa na ukungu, lakini upande wa kushoto picha ilikuwa safi kama dirisha lililofutwa. Na pale kushoto, safu ya mbele, kifua kimebanwa kwenye ukingo wa jukwaa, alikuwepo binti mmoja wa kama miaka kumi na saba, kichwa kimenyolewa, ukanda wa mbwa shingoni. Alikuwa akiimba kila neno kwa mdomo uliofunguka wote.

Nikasimamisha mashine.

Kiwandani kwetu zilikuwepo mashine za kufuma mia sita kwenye ukumbi mmoja. Ukipiga kelele sikioni mwa mtu, hakusikii. Basi tuliongea kwa midomo. Tulizaliwa katika lugha hiyo; mama yangu aliniagiza mkate kwa midomo kutoka ng'ambo ya barabara. Nimesoma habari za mimba, za misiba na za waume wa watu kwa umbali wa yadi arobaini. Mpaka leo, nikiwa kanisani, inabidi niyashushe macho wakati kwaya ya upande wa pili inanong'ona, kwa sababu yale siyo ya kwangu kuyajua.

Nikairudisha filamu mwanzo. Nikaitembeza kwa mkono, polepole.

Siku tatu, binti alikuwa akisema. Ulimi kwenye meno, midomo ikanyooka. Siku tatu. Kisha akameza mate. Mama yuko nyumbani. Siku tatu.

Nikauvaa wimbo masikioni, ule ambao Clive alihangaika nao, wimbo wa tatu wa onyesho, unaoitwa Basi la Kumi na Tano. Nikasikiliza toka mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa na basi, mvua, na mvulana asiyekuja kituoni. Siku tatu hazikuwemo. Wala mama hakuwemo.

Nikajishuku. Nilikuwa nimekaa mwaka na nusu bila kiwanda, labda jicho limelala. Nikamtafuta jirani yake, kijana mwenye pua iliyovunjika, nikasoma wa kwake. Siku tatu. Nyuma yake, mwingine, nusu ya uso: mama yuko nyumbani. Nilirudia mara tisa. Watu watatu hawawezi kukosea neno moja kwa pamoja. Nikashuka ngazi.

Lorraine alikuwa akila mkate wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga.

"Mna wimbo unaosema siku tatu?" nikamwuliza kabla sijakaa.

"Tunao. Ndio unaitwa hivyo. Kwani vipi?"

"Siku ile mliupiga wa ngapi?"

"Wa pili." Akatafuna. "Ila kamera zilipiga wa tatu, Anti. Bendi ndogo zote tulipewa wimbo mmoja tu, wa tatu. Filamu ilikuwa haba, walisema."

"Na wenye kamera walijuaje kuwa sasa ndio wa tatu? Waliijua miziki yenu?"

"Wao? Wale wazee? Waliambiwa wanisikilize mimi nikihesabu. Kila wimbo unaanza na moja, mbili, tatu, nne. Hesabu ya kwanza wakae, ya pili wakae, ya tatu wawa..."

Mkate ukasimama hewani.

"Lorraine."

"Ee Mungu wangu."

"Lorraine, ulifanya nini?"

"Nilihesabu mara mbili."

"Mara mbili lini?"

"Mwanzo kabisa! Ilikuwa utani, Anti. Kila bendi inahesabu moja mbili tatu nne kama watoto wa chekechea, tukasema sisi tuwakomoe. Nikahesabu kwa nguvu zangu zote, halafu tukasimama kimya kama sanamu. Watu wakatutukana vizuri sana! Ndipo nikahesabu tena, tukaanza." Alikuwa amejishika kichwa, vidole vimezama kwenye nywele za kijani. "Kwa hiyo hesabu ya tatu..."

"Ilikuwa wimbo wa pili."

"Wiki tatu bosi wako anahangaika..."

"Kuvisha mguu wa mtu mmoja kiatu cha mwingine. Futa mdomo, twende juu."

Sauti za nyimbo zote tano zilikuwa rafuni. Mimi mwenyewe ndiye niliyeziandika majina. Clive alikuwa ameshusha moja tu, ile aliyoambiwa. Nikautoa wa pili, nikautia kwenye sahani, nikautafuta kwa sikio mpaka nikafika kwenye neno "tatu" la kwanza. Nikaweka alama kwa kalamu nyeupe ya mafuta. Nikaileta picha mpaka ulimi wa yule binti uguse meno. Alama ya pili. Nikavifunga pamoja.

"Usipumue," nikamwambia Lorraine, na nikabonyeza.

Binti akaimba. Sauti ilitoka kwa mwimbaji jukwaani, lakini ilipita katika mdomo wa binti yule kama maji katika bomba. Neno kwa neno. Nikaleta kamera ya kwanza kwenye mahali pale pale, na kwenye mvuke, nyuma kabisa, mkono ukapanda, na ulipotua ngoma ikalia. Ukapanda tena, ikalia tena. Ulienda hivyo mpaka mwisho bila kuteleza hata fremu moja, kile kipicha kimoja cha filamu.

Lorraine akasogea karibu na kioo. Alikuwa akijitazama.

Mimi nilikuwa nimeanza kuyasikia maneno. Kiitikio kilikuwa hivi: kiwanda siku tatu, mama siku tatu, hata Mungu wamempunguzia siku. Wakakirudia mara nne, na mara ya mwisho ukumbi mzima uliwaitikia.

Nikazima mashine.

"Umekasirika," akasema Lorraine. "Ndiyo maana sikutaka uusikie."

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

Mimi ni mtu wa kanisa. Jumapili nafundisha watoto, naye Lorraine alikuwa mmoja wao, alikaa benchi la dirishani na kuchora kwenye kitabu cha tenzi. Hakuna mwingine aliyejua wimbo huu uko wapi. Ningeweza kuurudisha rafuni, nikamwambia Clive nimeshindwa, na asingeshangaa. Nikauwasha tena, nikausikiliza mara ya pili kwa uangalifu niliotumia kusoma midomo. Katika wimbo ule sikusikia dharau. Nilisikia mtu aliyekasirika kwa sababu aliyemtegemea haonekani. Wiki ile kiwanda kilipofungwa nilimwambia Mungu maneno makali kuliko hayo, nikiwa nimepiga magoti jikoni, na hakunifukuza.

"Nani alitunga?" nikauliza.

"Mimi. Kiwanda kilipowapunguzia kazi ikawa siku tatu kwa wiki, nilikuwa nawaona wewe na mama mkirudi Jumatano mchana na vikapu vyenu, mmemaliza wiki. Mnacheka. Nikajiuliza wanacheka nini."

"Tulikuwa tunamcheka bosi wetu."

"Ndiyo maana kicheko hakimo kwenye wimbo," akasema. Tukacheka wote wawili.

Alhamisi Clive alifika saa sita kasorobo. Nilikuwa nimemwekea kiti. Hakuvua koti. Akatazama mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili ameinama, mara ya tatu amekaa.

"Huu siyo Basi la Kumi na Tano," akasema.

"Siyo."

"Umejuaje?"

Nikamweleza. Alinitazama usoni, kisha kwenye kioo, kisha kwangu tena.

"Kwa hiyo mimi nikiongea na simu kule nyuma ya kioo cha ofisi yangu..."

"Huwa nainamisha macho, Clive. Mara nyingi."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akainua simu, akampigia mkurugenzi wa filamu, Bwana Mostyn, aliyekuwa London. Nilisikia upande mmoja tu. Ndiyo, imepatikana. Hapana, wimbo mwingine. Siyo ule wenye basi. Ndiyo, najua ulichagua wenye basi. Mungu anatajwa, ndiyo. Hapana, siyo vizuri sana. Na kamera ya tatu ina mate. Mate, mate, ya mdomoni. Mwishowe akaziba simu kwa kiganja.

"Anasema ni kinyaa, na maneno yatatuletea barua za makasisi. Anataka kujua ni nani anayesema uwekwe."

"Mimi."

"Basi mwambie mwenyewe."

Nikachukua simu. "Bwana Mostyn, ni Enid Hargreave wa chumba cha uhariri."

"Bi Hargreave. Naambiwa umesoma midomo ya watu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula chakula cha mchana. "Una uhakika? Filamu ikishachapwa haifutiki."

"Nina uhakika na kila fremu. Njoo utazame, au uniamini."

"Na hao makasisi?"

"Barua zao nitazijibu mimi. Ninakaa nao kila Jumapili, najua wanavyoandika."

Akacheka kidogo, puani. "Na hiyo picha chafu? Clive anasema tutumie kamera ya kwanza na ya pili peke yake."

"Kamera ya kwanza ina mtu aliyeficha uso nyuma ya maikrofoni. Ya pili ina mvuke. Ya tatu ina mate, ni kweli, lakini ina mtu anayeimba kwa roho yake yote, na hajaficha chochote. Katika ukumbi mzima wimbo ule ni wa kwake. Mtu akiingia sinema bila kujua lolote la Nyuzi Mbovu, akamwona huyu, atajua."

Nikasikia uma ukiwekwa kwenye sahani.

"Kama ingekuwa kazi yako, Bi Hargreave, ungeanzia wapi? Maana kila bendi tumeanza na jukwaa. Ishirini na tano zote."

"Hii ningeanza na yeye, kabla sauti haijaingia. Afungue mdomo kwanza kukiwa kimya, kisha wimbo umkute humo humo."

"Kimya cha muda gani?"

"Cha pumzi moja."

"Mpe Clive simu."

Clive akasikiliza. Alisema "sawa" mara tatu, ya mwisho kwa sauti ndogo. Akaweka simu chini, akavua koti, akalitundika kwenye msumari. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikitoa kiti chake mezani, akakisogeza kwangu, na yeye akaenda kuwasha birika.

"Sukari ngapi?" akauliza, mgongo umenielekea.

"Miezi minane nakutengenezea chai, hujui natumia sukari ngapi?"

"Sijui, Enid. Ndiyo maana nauliza."

"Mbili."

Nikakaa. Nikairudisha filamu mpaka yule binti alipokuwa amefunga mdomo, kidevu kimeinuka, akisubiri kama wafanyavyo waimbaji wazuri. Nikahesabu fremu za pumzi moja kwa kupumua mwenyewe, nikaweka alama, nikakata.